UZI: Kwa tanga kutoka Goma, visiwa vya volkano vya Ziwa Kivu (na kimoja kinachosingiziwa)

MweneLava_Goma

Wakuu, salamu kutoka Goma.

Humu ndani mtu akitaja visiwa vya volkano, wote mnakimbilia Ngazidja na Karthala yake, au zile picha za Ugiriki za nyumba nyeupe. Kivu haitajwi kabisa. Basi nimeona niweke hapa safari tuliyofanya na marafiki kiangazi cha 2019, kwa boti ya tanga: kutoka ufukwe wa Himbi, Tchegera, mlango wa ghuba ya Kabuno, hadi ncha ya kaskazini ya Idjwi. Goma–Bukavu kwa kanoti ya injini nimeshapita sana, na ukweli ni kwamba kwenye kanoti huoni kitu. Unaona povu na kisogo cha abiria wa mbele. Tanga linakupitisha karibu na mwamba kwa mwendo wa mtu anayetembea, unapata muda wa kuuliza hili jiwe limefikaje hapa.

Boti ilikuwa ya mbao, mita saba hivi, mlingoti mmoja, tanga la turubai alilotushonea fundi wa Birere ambaye kazi yake ya kila siku ni mahema. Watu watano: mimi, mwalimu wa jiografia, dada mmoja muuguzi, kijana mvuvi wa sambaza, na Mzee wetu aliyekulia Kigoma. Mzee ndiye aliyekuwa nahodha, na ndiye pekee aliyelijua tanga. Sisi watu wa Goma tunajua injini na kafi, basi.

Ulikuwa mwaka wa Ebola. Kila gati ulilofika, ndoo ya maji ya klori na mtu wa kukupima joto kwenye paji la uso. Mikono yetu ilinuka klori hadi Idjwi.

Upepo sasa, maana bila huo hamtaelewa kwa nini tulichelewa kila mahali. Kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, kusi ya kusini-mashariki inalishika ziwa. Alfajiri maji yamelala. Saa nne, saa tano upepo unaamka, na mchana mawimbi yanaanza kuvunjika meupe. Ukitoka Goma kwenda kusini unaula wote usoni, kwa hiyo ni kubisha tu: unakata upande huu, unageuza, unakata upande ule. Mzee akisema "geuza!" kila mtu anainama haraka, maana foromali (mti unaoshika tanga) haijui nani muuguzi nani mwalimu.

Nakuja na Tchegera. Msiondoke.

Kambi_Popote (Mwanza)

Mkuu nimeshaweka kambi, chai iko jikoni. Ila uzi wa visiwa bila picha ni kama... haya, endelea tu.

MweneLava_Goma

Picha zilikwenda na simu iliyoibiwa Majengo, ndugu yangu. Utanisoma hivyohivyo.

Tchegera. Ukiwa Goma ukitazama upande wa Bulengo na Lac Vert, ni kile kisiwa chembamba, cha kijani, kilicholala chini juu ya maji. Kiko ndani ya Hifadhi ya Virunga (ile iliyoanzishwa 1925, kongwe kuliko zote Afrika), kwa hiyo hauteremki bila ruhusa ya hifadhi. Tuliomba kabla, tukapewa, tukalipa.

Umbo lake ni mwezi mchanga. Kutoka mbali unadhani ni kisiwa cha kawaida kilicholiwa upande mmoja. Ukiingia ndani ya lile pinde ndipo akili inakaa sawa: uko juu ya mdomo wa volkano. Kisiwa chote ni ukingo wa kreta, na upande mmoja wa ukingo haupo tena, maji ya ziwa yameingia. Tulitua tanga, tukaingia kwa kafi. Nje mawimbi yalikuwa yanatupiga tangu asubuhi. Mle ndani maji yametulia, na Mzee kwa mara ya kwanza siku hiyo akakaa chini.

Mwalimu alitueleza hivi. Volkano zetu za huku, Nyiragongo na Nyamulagira, zinatoa lava inayotiririka, nyepesi, inayokimbia. Goma tunaijua, 1977, 2002, 2021. Lakini lava hiyohiyo ikipanda kutoka chini ikakuta maji kabla ya kufika juu, haitiririki. Maji yanakuwa mvuke kwa ghafla, mvuke unapasua kila kitu, mawe yanasagika kuwa majivu na kokoto, vinarushwa juu na kuanguka kuzunguka tundu. Mlipuko mwingine, tabaka lingine. Ndiyo maana Tchegera haina kilele. Ni duara pana, la chini, la majivu yaliyoshikana kuwa mwamba. Lac Vert pale nchi kavu ni ndugu yake: kreta ileile ya mlipuko, ila yenyewe imefungwa pande zote na ina maji yake.

Kuna mahali mawimbi yamekata ukingo wazi, ukuta unaouzidi kidogo urefu wa mtu. Tulikaa hapo hadi jua likawa kali. Tabaka zimepangana, nyingine unene wa kidole, nyingine unene wa ukucha: ya kijivu, ya kahawia, moja yenye kokoto nyeusi tupu. Ukiikwaruza kwa kucha inatoa unga. Katikati ya ukuta kuna jiwe jeusi linalokaribia ukubwa wa kichwa cha mbuzi. Tabaka zilizo chini yake zimebonyea kufuata umbo lake, zile za juu zimepita zimenyooka kana kwamba jiwe halipo. Mwalimu akauliza darasa, na darasa ni sisi: "Limefikaje?" Kijana mvuvi akajibu bila kufikiri: "Liliruka." Ndivyo. Lilirushwa na mlipuko, likatua kwenye majivu yakiwa bado laini na yenye maji, halafu mlipuko uliofuata ukalifunika. Dada muuguzi aliliwekea mkono, akasema lina baridi. Sijui alitegemea nini.

Kitu kingine ni pale mwamba unapokutana na maji. Mawe meusi yamevaa gamba jeupe, gumu, la chokaa. Maji ya Kivu yana chumvichumvi za madini nyingi kuliko maziwa mengi, na chokaa inajijenga juu ya mawe taratibu. Ukikanyaga peku utajuta, linakata.

Usiku, ukitazama kaskazini, wingu juu ya Nyiragongo lilikuwa jekundu. 2019 ziwa la lava lilikuwa bado linachemka ndani ya kreta. Mbele yetu taa za wavuvi. Kwa wasiojua: sambaza huvuliwa usiku, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu ya mkaratusi inayotokeza mbele na nyuma, wavu unaning'inia katikati, taa inawaita samaki. Wanapiga kafi wakiimba. Kijana wetu alikuwa anawajibu kutoka ufukweni, wanamtukana kwa upendo.

Kambi_Popote (Mwanza)

Sambaza ndio dagaa?

MweneLava_Goma

Si dagaa wenu wa Viktoria. Ni samaki wa Tanganyika, waliletwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kabla yao katikati ya ziwa kulikuwa hakuna samaki wa kuvuliwa kwa wavu namna ile. Mzee wa Kigoma alikula akasema: "Hawa ni wa kwetu, wamekonda tu."

BintiYaKadutu (Bukavu)

Aksanti sana kaka. Miye niko muntu wa Bukavu na Idjwi njo kwetu na bibi. Lakini kaka umesema "kimoja kinachosingiziwa". Iko Idjwi ama? Kwetu banasemaka kila siku asema Idjwi njo volkano ya zamani yenye ilikufaka. Na masomo tulisoma hivyo. Utueleze muzuri.

MweneLava_Goma

Dada, ni Idjwi hasa. Subiri nipite Kabuno kwanza, nitafika kwa bibi.

Kutoka Tchegera tulielekea magharibi, upepo ukiwa ubavuni, boti ikakimbia vizuri kuliko wakati wowote. Ufukwe ule wote wa Mugunga hadi Sake ni lava. Karibu na Sake ndipo lava ya Nyamulagira ya 1938 hadi 1940 iliposhuka hadi ziwani, na ilikaribia kabisa kuifunga ghuba ya Kabuno. Ukiwa juu ya maji unaiona kazi yenyewe: ulimi mweusi umeingia ziwani, umebaki mlango mwembamba. Kama lava ingeendelea kidogo tu, Kabuno ingekuwa ziwa lake.

Na karibu imekuwa hivyo. Maji yake hayachanganyiki vizuri na ya ziwa kubwa. Kwenye Kivu yenyewe gesi nyingi iko chini sana, chini ya mita 250. Kabuno, maji yenye gesi ya kaboni (kaboni dayoksaidi) yanaanza mita kumi na kitu tu. Tulipita mlangoni, hatukulala mle. Si woga, ni adabu.

Sasa niseme la mazuku, yaani vishimo vya gesi ya kuua, kwa sababu kila mwaka kuna mgeni anapiga hema popote. Kati ya Goma na Sake, ardhi inapumua gesi ya kaboni kwenye nyufa. Ni nzito kuliko hewa, inakaa mabondeni na kwenye vishimo, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umelala. Haina rangi, na huwezi kuitegemea pua yako ikuamshe. Unaona mbuzi amelala, hajalala. Wenyeji wanajua vishimo vyao, waulize. Alama ninazozitazama mimi: wadudu na ndege waliokufa mahali pamoja, majani yaliyokauka kwenye shimo ilhali pembeni ni mabichi. Mtoto anakufa pale ambapo mtu mzima aliyesimama hajisikii chochote, kwa sababu ya urefu tu. Na usiingie kumwokoa mtu kwa kuinama. Dada muuguzi alituambia hilo mara nyingi hadi Mzee akamwomba apumzike.

Kambi_Popote (Mwanza)

Sasa mkuu hapo umenitisha. Nilisoma kwamba hilo ziwa lote linaweza kulipuka kama lile la Kameruni. Nyie mnalalaje?

MweneLava_Goma

Lile ni Nyos, tarehe 21 Agosti 1986, watu karibu 1,700 usiku mmoja. Miaka miwili nyuma, Monoun, hukohuko Kameruni, watu 37. Kivu ina gesi ya namna hiyo, nyingi zaidi ya Nyos kwa mbali: kaboni kilomita za ujazo karibu 300, na methani kama 60. Kwa hiyo hapana, si hadithi ya kutunga.

Lakini gesi imebanwa na uzito wa maji, na maji ya Kivu yamelala kwa tabaka. Ya chini ni mazito zaidi, yana chumvi, hayapandi ovyo. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wetu na kuingia ziwani ikiwa moto, na ziwa halikupinduka. Upande wa Rwanda, Kibuye, tangu 2016 wanavuta hayo maji, wanatoa methani, wanawasha umeme.

Tunalalaje? Kama nyie mnavyolala karibu na barabara ya malori.

TurkanaKaskazini (Lodwar)

Hii imenibamba. Huku kwetu kuna Kisiwa cha Kati, ndani ya Ziwa Turkana. Volkano kabisa, na juu yake kuna maziwa matatu ya kreta. Moja ya mamba, moja ya flamingo, moja ya tilapia. Hao mamba wa Nailo ni wengi. Ndugu, huko Kivu mnaogelea hivi hivi tu?

MweneLava_Goma

Kivu haina mamba wala kiboko. Tulioga ndani ya kreta ya Tchegera bila wasiwasi, labda fisi maji mmoja mmoja, naye anakukimbia. Chini ya mita kama 60 hakuna hata oksijeni, kwa hiyo hakuna samaki wa kutisha anayekusubiri gizani.

Haya, Idjwi.

Dada wa Kadutu, mwalimu wetu alibishana na wenyeji pale kaskazini mwa Idjwi jioni nzima, mbele ya chupa za kasiksi (pombe ya ndizi). Ushahidi wake ulikuwa mawe. Tchegera ukiokota jiwe linavunjika kuwa unga, au ni jeusi lenye vitundu. Idjwi, kwenye njia inayopanda kutoka ufukweni, mawe ni meupe na ya waridi, mazito, yanametameta, kwato za ng'ombe zimeyasugua hadi yanang'aa. Udongo mwekundu mzito umeganda kwenye viatu. Ni mwamba mkongwe, si wa volkano. Idjwi ni mgongo wa mlima uliobaki juu bonde la ufa lilipozama pande zote mbili.

Lakini bibi yako hajakosea kabisa, na hapo ndipo patamu. Zamani maji ya huku yalikuwa yanaelekea kaskazini, Ziwa Edward, kisha Nailo. Safu ya volkano za Virunga ikainuka katikati ya njia, ikaziba. Maji yakarudi nyuma, yakapanda na kupanda, yakajaza mabonde yote ya kusini, hadi yakapata mahali pa kumwagikia: Ruzizi, pale kwenu Bukavu, miaka kama 10,000 iliyopita. Ndiyo maana siku hizi Kivu inaingia Tanganyika. Ibinja, Nkombo ya Rwanda, vile visiwa vidogo vidogo vya Kalehe, ni vilele vya vilima ambavyo mabonde yake yako chini ya maji. Hata zile rasi tano za Bukavu, mnazojengea hadi mtu anaosha vyombo ziwani kutoka dirishani, ni migongo ya vilima.

Idjwi si volkano. Ila volkano ndizo zilizoizungushia maji.

BintiYaKadutu (Bukavu)

Eeeh! Sasa njo naelewa. Nitamwambia bibi, lakini atasema mwalimu wako hajazaliwa Idjwi. Kaka, na ku Idjwi mulikaa wapi? Banawapokea muzuri?

MweneLava_Goma

Walitupokea kuliko tulivyostahili. Mzee mmoja alitukaribisha uwanjani kwake, akatupa viazi vitamu na maharage, mkewe akauliza kwa nini watu wenye nguvu wanasukumwa na kitambaa ilhali kuna kanoti. Hakuna aliyepata jibu la maana. Asubuhi gunia la kahawa likaletwa kwenye boti: "kwa kuwa mnakwenda Goma". Tukabeba. Tanga lina faida hiyo, kila mtu anajua hauna haraka.

Kurudi upepo ulikuwa mgongoni, kazi ilikuwa kushika usukani tu na kufua maji. Boti ya mbao inavuja, hata ikizibwa vipi. Kijana alikuwa na kopo la rangi lililokatwa, hakuliachia tangu Idjwi hadi tukaiona Mlima Goma pale bandarini, ambao nao ni kreta ndogo, watu wanaupita kila siku wakienda kutafuta makuta (hela).

Mzazi_wa_Ruashi (Lubumbashi)

Sie batu ba Lubumbashi atuna volkano, atuna ziwa ya maana. Tuko na terril ya Gécamines, mlima mweusi wa takataka ya shaba, ukiiona mbali utasema njo Nyiragongo. Ile haina kisiwa lakini, hahaha. Ndugu, swali moja ya mzazi: jile ya kuokoa maisha mulivaa?

MweneLava_Goma

Hahaha, mzazi, terril yenu nimeiona, moshi tu ndio unaokosekana.

Jile tulivaa wote, na ilikuwa sharti la dada muuguzi: asiyevaa anabaki Himbi. Mzee alinung'unika kwamba Kigoma alivuka usiku bila kitu. Akavaa. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama mbele kidogo tu ya bandari ya Kituku, watu wa ufukweni wakiona kwa macho, na wengi hawakutoka. Karibu na gati vile. Maji ya Kivu si ya baridi ya kuua, ila ukingo wake unashuka ghafla. Hatua mbili tatu kutoka kwenye mwamba wa lava huna tena chini. Kushika boti iliyojaa kupita kiasi kwa imani ni tabia yetu sote ziwani, na mimi siipandi tena.

Kambi_Popote (Mwanza)

Mkuu, nikitaka kuja mwenyewe, mwezi gani? Na ni shilingi ngapi?

MweneLava_Goma

Bei sitakudanganya, zile za 2019 hazina maana leo. Na mambo ya huku tangu M23 waiteke Goma Januari 2025 unayajua, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, ruhusa za ziwani zinabadilika. Usipange kitu kwa kusoma uzi wa mtu. Piga simu kwa mtu aliye Goma wiki hiyohiyo unayotaka kusafiri.

Mwezi: kwa tanga, Juni na Julai, ukikubali kubisha wakati wa kwenda na kuteleza wakati wa kurudi. Milima unaiona asubuhi mapema tu, baadaye vumbi na moshi wa kiangazi vinaificha. Ukitaka kuiona Karisimbi na Mikeno zikiwa safi, njoo baada ya mvua kubwa kupiga, lakini hapo upepo hauna ratiba na radi ya Kivu haichezi na mlingoti.

TurkanaKaskazini, upepo wa kwenu nasikia ni mkali kuliko huu. Mnavuka kwa chombo gani kwenda hicho Kisiwa cha Kati, na mnatoka saa ngapi? Mzee ameshaniuliza mara mbili tangu nimsomee.

TurkanaKaskazini (Lodwar)

Injini, ndugu. Kwa tanga sijaona mtu. Upepo wetu ni wa mashariki, ukianza unavuma usiku kucha mpaka asubuhi. Mwambie Mzee alete turubai nene, na mimi nitamtafutia boti Kalokol.